Barua ya wazi: Kifungo kikiisha, kiishe

Karakana ya useremala,
Karibu na soko la Kibuye,
Kisumu.

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia magereza, probesheni (uangalizi wa wakosaji nje ya gereza), kumbukumbu za polisi na masuala ya kazi. Kwa wabunge wetu. Na kwa magavana wa kaunti za Nyanza, Magharibi na Nakuru.

Waheshimiwa,

KUH: KUMRUDISHA ALIYEFUNGWA KATIKA JAMII

Ninawaandikia nikiwa mama mwenye karakana ndogo ya samani hapa Kisumu. Tunatengeneza vitanda, makabati, milango na madawati ya shule. Miongoni mwa mafundi wangu wapo waliojifunza kazi hii wakiwa jela, na ni kwa ajili yao ninaandika hadharani. Nilianza kimya kimya, kama inavyotakiwa. Niliiandikia ofisi inayohusika, nikaenda mwenyewe, nikapokewa kwa heshima, nikaambiwa suala langu litashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Ofisi ya pili ilinirudisha kwa ile ya kwanza. Sizitaji hapa kwa sababu shida hii haikuletwa na karani aliyekaa dirishani, na lawama zikimwangukia yeye, nyinyi wenye uwezo wa kuitatua mtakuwa mmeponyoka.

Kilichonifikisha hapa ni kazi ya madawati. Taasisi moja ya umma ilitupa kazi ya kuyatengeneza na kuyafunga. Kabla hatujaanza tukatakiwa kuwasilisha, kwa kila fundi atakayeingia uwanjani, cheti cha maadili mema kutoka polisi, kile kinachoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Mafundi wangu wawili hodari, mmoja aliyefungwa kwa wizi akiwa kijana na mwingine kwa kuvunja duka, wakaachwa nje. Wote wawili walikuwa wamemaliza adhabu waliyopewa na mahakama. Useremala wao walifunzwa na serikali ndani ya gereza, wakatahiniwa na serikali, wakapewa cheti cha ufundi na serikali. Karatasi nyingine ya serikali hiyo hiyo ndiyo iliyowazuia kupiga msumari kwenye dawati la mtoto wa shule. Mmoja wao aliacha kuja kazini wiki hiyo, na hadi leo hajarudi.

Kabla ya kutaja malalamiko yangu, ninaomba tuelewane gereza linafanya nini hasa. Kila jamii ina mahali pa kumchukua mtu mzima, mwenye mazoea yake, ikamlea upya kwa kanuni nyingine. Kuruti akifika Moi Barracks kule Eldoret hunyolewa, huvishwa sare sawa na wenzake, huamshwa, hulishwa na kulazwa kwa amri, mpaka yule kijana wa kijijini awe askari. Anayeingia utawani huacha nyumba yake na mali yake. Aliyezama katika chang'aa hupelekwa kwenye kituo cha waraibu afunzwe upya kuishi siku nzima bila kunywa. Mwanasosholojia Erving Goffman, mwaka 1961, alizipanga kambi za jeshi, nyumba za watawa, hospitali za wagonjwa wa akili na magereza katika fungu moja: mahali ambapo mtu analala, anafanya kazi na anapumzika chini ya mamlaka moja na ratiba moja, akiwa ametengwa na dunia ya nje. Mahali kama hapo mtu huvuliwa vile alivyokuwa, kisha hujengwa upya.

Lakini tazameni wanaishia wapi. Kuruti akihitimu kuna gwaride, wazazi hualikwa, na kuna kikosi na mshahara vinavyomngoja. Mtawa akiweka nadhiri ana shirika lake. Jamii iliyomvua mtu hali yake ya zamani imemtayarishia nafasi mpya ya kusimama, na bila nafasi hiyo kazi yote ya kumlea upya ni bure. Mfungwa hupitia kuvuliwa kule kule, pengine kwa ukali zaidi, halafu siku ya kutoka hapokelewi na yeyote.

Kuna jambo jingine nimeliona kwa macho yangu. Gereza humfunza mtu useremala, na wakati huo huo humfunza kuwa mfungwa. Ninaye fundi aliyekaa ndani miaka mingi. Alipoanza kazi hapa alikuwa anasimama mbele ya mlango uliofungwa akingoja mtu aufungue. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikiingia karakanani alikuwa anasimama wima na kuweka chini randa. Aliingia jela kabla ya Machi 2007, mwezi M-Pesa ilipozinduliwa, akatoka na kukuta nauli ya matatu, sukari ya dukani na hata sadaka ya kanisani zikilipwa kwa simu. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Mkono wake kwenye patasi hauna dosari. Kilichomshinda ni kuamua, siku nzima, mambo madogo ambayo kwa miaka yote hiyo aliamuliwa na wengine.

Haya sasa ndiyo malalamiko yangu.

1. Siku ya kutoka haina maandalizi. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 107 kwamba maisha ya mfungwa baada ya kifungo yafikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo hicho. Kanuni ya 108 ni ya wazi zaidi: anayetoka apewe hati na kitambulisho, awe na makao na kazi inayomfaa, awe na nguo zinazofaa hali ya hewa, na awe na uwezo wa kufika aendako na kujikimu katika siku za mwanzo. Mimi nimewapokea watu waliotoka bila kitambulisho, kwa kuwa cha zamani kilipotea siku ya kukamatwa. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu. Bila laini huna M-Pesa, na bila M-Pesa hakuna atakayekulipa ujira wa kibarua. Ile namba ya zamani, ambayo mama yake na dada zake walikuwa wameihifadhi, imekwisha kupewa mtu mwingine. Hayo yote yanaweza kutayarishwa miezi kadhaa kabla ya lango kufunguliwa, kwa sababu tarehe ya kutoka hujulikana.

2. Cheti cha maadili mema kimekuwa hukumu ya pili. Hili ndilo zito kuliko yote na ninaomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Hakimu anapomhukumu mtu miaka mitatu, anapima kosa, anasikiliza utetezi, kisha anataja idadi. Idadi hiyo ina maana. Ndiyo kadiri ya adhabu ambayo Jamhuri imeona inatosha. Lakini cheti hakina idadi. Aliyeiba kuku akiwa na miaka kumi na tisa ataonekana mhalifu akiwa na miaka hamsini. Hakuna hakimu aliyetamka adhabu hiyo, na hakuna mahali pa kuikatia rufaa.

Tena serikali inajipinga yenyewe. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa anayefanya kazi kwa bidii na kuwa na mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa makosa machache kama wizi wa mabavu. Wale mafundi wangu wawili walitoka kwa punguzo hilo. Maana yake maofisa waliokaa nao mchana na usiku walishuhudia kwamba tabia yao ni njema, na kwa ushuhuda huo wakafunguliwa mapema. Ni nani anayeijua tabia ya mtu huyu kuliko ofisa aliyemlinda? Ushuhuda wake hauonekani popote kwenye cheti. Kinachoonekana ni hukumu.

Angalieni pia Katiba yetu. Kifungu cha 99 kinamzuia kugombea ubunge mtu ambaye, wakati wa kusajiliwa au wa uchaguzi, anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Aliyemaliza kifungo chake hazuiwi tena na sababu hiyo. Waliotunga Katiba waliona kwamba mtu aliyetumikia adhabu anaweza kuaminiwa kutunga sheria za nchi. Basi kwa nini asiaminiwe kuendesha matatu ya kutoka Kisumu kwenda Busia? Leseni ya kuendesha gari la abiria inadai cheti hicho. Kazi ya ulinzi inakidai. Siku hizi hata kazi ya kufagia inakidai. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalimzuia mwajiri kudai vyeti vya aina hii kabla hajawa na nia ya kumpa mwombaji mkataba wa maandishi, na kwa hilo vijana wengi waliepushwa na gharama. Yule ambaye cheti chake kitaonyesha hukumu hayakumsaidia. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, ulemavu na mengineyo. Kutumikia kifungo hakumo.

3. Hakuna anayemsindikiza mtu nyumbani. Maofisa wa probesheni ninaowajua wanafanya kazi kwa moyo, lakini mmoja anaweza kupewa eneo ambalo hata kwa pikipiki halimalizi. Matokeo yake mtu anafika kijijini bila mtu wa kumtangulia kuzungumza na familia, na mara nyingine na yule aliyemkosea anayeishi ng'ambo ya ua. Shamba limekwisha kugawanywa. Mke ameolewa kwingine au amechoka kungoja. Watoto wanamwita mgeni. Kwetu huku, baraza la chifu na wazee wa nyumba kumi wangeweza kukaa na pande zote mbili kabla hajarudi. Wazee wako tayari, lakini huwa wanapata habari mtu akishafika.

4. Vijana wa Shikusa. Kule Kakamega kuna taasisi ya borstal ya wavulana waliokosea wakiwa na miaka kumi na mitano hadi chini ya kumi na minane, nao hukaa humo hadi miaka mitatu. Wanatoka wakiwa na nguvu na ufundi, katika umri ule ule ambao wenzao wanatafuta kazi ya kwanza. Sheria zetu za watoto zinakataza hata kutumia neno hukumu kwa mtoto. Ninaomba tu roho ya sheria hiyo ifike hadi kwa mwajiri.

5. Malipo ya kazi ya gerezani. Nambari za magari yetu hutengenezwa Kamiti, na samani za wafungwa huuzwa kwenye maonyesho ya kilimo zikasifiwa. Malipo ya mfungwa kwa miaka mingi yamehesabiwa kwa senti kwa siku. Mtu anaweza kufanya kazi ya ufundi miaka mitano na akatoka asiweze kununua randa moja na msumeno.

Waheshimiwa, nimekwisha kusikia majibu ambayo huenda mkanipa.

Mtasema mwajiri ana haki ya kujua. Ndiyo, na mimi ni mwajiri. Karakana hii iliwahi kuvunjwa usiku, nikapoteza msumeno wa umeme na mbao za mvule ambazo mteja alikuwa amekwisha kulipia. Ninaelewa hofu hiyo vizuri. Ninachoomba ni kipimo. Aliyewadhuru watoto asiajiriwe shuleni hata akimaliza kifungo, na kwa makosa ya kingono tayari tunayo Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Aliyeiba fedha za benki, benki ina sababu ya kusita. Lakini kosa lililokwisha kulipiwa, lisilohusiana kabisa na kazi inayoombwa, kwa mtu aliyekaa miaka bila kurudia, lina msaada gani kwa mwajiri?

Mtasema waliodhulumiwa watajiona wamesahauliwa. Nimezungumza na baadhi yao. Mwenye duka aliyevunjiwa anataka duka lake lisivunjwe tena. Mtu aliyenyimwa kila kazi halali miezi sita mfululizo ndiye anayepaswa kumtia wasiwasi, kuliko fundi anayelipwa kila Jumamosi. Wapo pia wanaotaka kuombwa radhi uso kwa uso, na hilo linawezekana tu pale mkosaji anaporudi kwa utaratibu, mbele ya wazee.

Mtasema hakuna fedha. Mwaka 2003, Mzee Moody Awori, mwana wa Funyula, alipokabidhiwa wizara iliyosimamia magereza, wapo walioona kumpa mfungwa godoro ni kumdekeza. Magodoro yaliingia, televisheni zikaingia, milango ikafunguliwa kwa wageni na mashirika. Fedha zilikuwa haba wakati huo pia. Na mengi ninayoomba ni ya utaratibu kuliko ya fedha: kumpiga mtu picha ya kitambulisho akiwa bado ndani, kumwandikia chifu barua mapema, kubadilisha maneno ya cheti.

Magavana mtasema magereza ni ya serikali kuu. Ni kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limewapa nyinyi vyuo vya ufundi vya vijijini. Aliyetoka gerezani na cheti cha ufundi cha gredi ya tatu, ni nani mwingine atakayempandisha hadi ya pili?

Na yupo atakayeniambia kwamba hii ni kazi ya kanisa, msikiti na familia. Wanaifanya. Akina mama wanaobeba chakula na sabuni kwenda gereza la Kodiaga siku za kutembelea wafungwa hawakuagizwa na mtu. Kanuni ya 90 ya zile Kanuni za Mandela inasema wajibu wa jamii haukomi mfungwa anapoachiliwa, na inataka ziwepo taasisi za serikali au za binafsi za kumhudumia. Zimetajwa zote mbili pamoja.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo.

Kwanza, Bunge litunge sheria itakayoweka ukomo kwa hukumu za makosa yasiyo mazito. Mtu akimaliza kifungo na kukaa muda uliowekwa bila kosa jipya, hukumu hiyo isionyeshwe tena kwenye cheti cha kazi za kawaida, huku kazi za watoto, wagonjwa na nyinginezo nyeti zikibaki na masharti yake. Uingereza, ambako tulirithi sehemu kubwa ya sheria zetu za jinai, imekuwa na sheria ya aina hiyo tangu 1974. Wakati sheria hiyo inangojwa, cheti kinaweza kuongezewa mstari mmoja unaosema kwamba kifungo kimetumikiwa na punguzo la mwenendo mzuri lilitolewa.

Pili, kila anayetoka baada ya kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja awe na kitambulisho, laini ya simu, nauli na barua kwa chifu wake kabla ya siku ya kutoka, na ofisa wa probesheni awe amefika nyumbani kwao. Miezi ya mwisho gerezani itumike kumfunza maisha ya nje: simu, fedha, kupanga nyumba, kuamua.

Tatu, taasisi za umma zikome kudai vyeti vya maadili mema kwa vibarua na mafundi pasipo kueleza kwa maandishi ni hatari gani inayozuiwa. Na katika ile asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, vikundi vyenye wanachama waliotoka gerezani visiondolewe kwa sababu hiyo pekee.

Nne, vyuo vya ufundi vya kaunti zetu, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Vihiga, Siaya, Nakuru na nyingine, vitenge nafasi kwa waliotoka magerezani na Shikusa. Karakana kama yangu ziko tayari kuwapokea kwa mafunzo ya kazini. Mimi nitachukua wawili kila mwaka, na ninawajua wenzangu hapa Kibuye ambao watafanya vivyo hivyo.

Tano, malipo ya kazi ya gerezani yafike kiwango ambacho mtu akitoka anaweza kununua vifaa vya kazi aliyofunzwa, na sehemu ya malipo hayo iwekwe akiba hadi siku hiyo.

Pamoja na maombi haya, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ninaomba mnieleze mambo matatu: kati ya waliotoka katika magereza ya kaunti hizi kwa mwaka mmoja uliopita, ni wangapi walitoka bila kitambulisho, ni wangapi waliotembelewa na ofisa wa probesheni baada ya kutoka, na ni wangapi waliorudi gerezani. Sheria inawapa siku 21. Nakala iliyotiwa sahihi nimeikabidhi ofisini na ninayo hati ya kupokewa kwake. Nisipojibiwa, mimi na mafundi wenzangu tutapeleka ombi rasmi Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, na tumekwisha kuanza kukusanya sahihi.

Wenu mwaminifu,

Mwenye karakana, Kibuye, Kisumu